Rangi Si Jina: Tunachoambiwa na Ukuta wa Bakteria

Hotuba kwa wanafunzi wa maabara na wauguzi wanaoanza kazi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukumbini nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wangu, wakuu wa maabara mliokubali kuacha meza zenu asubuhi hii, na ninyi vijana ambao makoti yenu bado hayajapata doa hata moja la zambarau: habari zenu. Madoa yatakuja, msiwe na haraka.

Naanza na swali. Umepaka usaha kwenye kioo, umeutia rangi, umeinama kwenye hadubini, na mbele yako kuna viduara vya zambarau vilivyokusanyika katika vishada. Umeona nini?

Nasikia mtu pale nyuma anasema Staphylococcus. Naona na wengine wanaitikia kwa kichwa. Hapana, ndugu zangu. Umeona viduara vya zambarau katika vishada, basi. Staphylococcus ni dhana yako, na huenda ni dhana nzuri, lakini jina litatoka kwenye vipimo vingine. Rangi si jina. Rangi ni habari za ukuta. Leo nitayasema maneno haya hadi mnichoke, kwa sababu nimeona majibu mengi ya maabara yaliyoruka kutoka rangi hadi jina bila kupita katikati.

Twendeni Berlin, mwaka 1884. Daktari kutoka Denmark aitwaye Hans Christian Gram, mwenye umri wa miaka 30, anafanya kazi katika chumba cha maiti cha hospitali ya jiji, chini ya Carl Friedländer. Mezani kwake kuna vipande vya mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Anajua bakteria wamo humo, ila hawaoni vizuri, maana kila akipaka rangi, vyote vinaishika: bakteria wanaishika, na viini vya seli za marehemu navyo vinaishika. Slaidi nzima inakuwa rangi moja.

Gram akachukua rangi ya zambarau iliyoandaliwa kwa maji ya anilini, jambo alilokuwa amelianzisha Paul Ehrlich. Akafuatisha myeyusho wa iodini. Kisha akaosha kwa alkoholi. Tishu ikapauka, bakteria wakabaki na zambarau yao, wazi kabisa.

Sasa nisikilizeni hapa. Je, Gram alikuwa anatafuta namna ya kuwagawa bakteria makundi mawili? Hata kidogo! Alitaka kuwatenga bakteria na nyama ya mgonjwa. Alipoijaribu njia yake kwa bakteria wa homa ya matumbo, wakapoteza rangi pamoja na tishu, na kwake hilo lilikuwa upungufu. Alipochapisha matokeo yake mwaka huohuo alikiri kwamba njia bado ina kasoro, ila akatumaini kwamba mikononi mwa wengine itafaa. Kasoro ile ndiyo kipimo chetu leo. Bakteria waliomwangusha Gram ndio tunaowaita Gram hasi. Ile rangi ya pili, safranini, inayowafanya waonekane waridi badala ya kutoonekana kabisa, iliongezwa baadaye na Carl Weigert.

Na kuna utamu mwingine katika kisa hiki. Wakati uleule Friedländer alikuwa akibishana na Albert Fraenkel kuhusu bakteria gani hasa analeta nimonia. Kila mmoja alikuwa na wake. Rangi ya Gram ikasaidia kuonesha kwamba hawakuwa wakizungumzia kiumbe kimoja: wa Fraenkel, ambaye leo tunamwita pneumokoki, anashika zambarau, yule aliyebeba jina la Friedländer, leo Klebsiella pneumoniae, anaiachia. Wote wawili wanaleta nimonia, ingawa pneumokoki ndiye anayeleta nyingi zaidi. Hebu fikirieni: ubishi wa mkuu wa kazi unakatwa na chupa za rangi za kijana wake.

Haya, ukutani kuna nini?

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sisi hatulali ndani ya bakteria. Tunausoma ukuta wake kwa nje, na ukuta huo umejengwa kwa kitu kimoja kikuu kiitwacho peptidoglikani. Ni nyuzi za sukari za aina mbili zinazopokezana, na nyuzi hizo zimefungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Unapata wavu mmoja unaomzunguka bakteria pande zote. Kazi yake? Ndani ya bakteria kuna shinikizo kubwa, kwa sababu maji yanataka kuingia kila saa. Bila wavu huo angevimba na kupasuka.

Bakteria wa Gram chanya, yaani wanaobaki na zambarau, wana wavu mnene, kama nanomita 20 hadi 80, tabaka juu ya tabaka, ukiwa umepenyezwa asidi teikoiki. Nje ya hapo hakuna utando mwingine. Bakteria wa Gram hasi wana wavu mwembamba, nanomita chache tu, lakini juu ya wavu huo wamevaa utando wa pili wa mafuta, mbali na ule wa kwanza ulio chini ya wavu. Kwa hiyo msidanganyike na unene! Wanafunzi wengi huondoka darasani wakidhani Gram chanya ndiye mwenye ngome imara kwa sababu ukuta wake ni mnene. Nitawaonesha baadaye kidogo kwamba mambo ni kinyume.

Rangi inafanyaje kazi? Unamwaga kristali vayoleti, dakika moja: wote zambarau. Unamwaga iodini, dakika moja: iodini inashikana na ile rangi na kufanya mafungu makubwa zaidi ndani ya seli, na wote bado ni zambarau. Hadi hapo kipimo hakijaanza. Kipimo ni alkoholi. Alkoholi inayeyusha utando wa nje wa Gram hasi, na wavu mwembamba ulio chini yake hauna uwezo wa kuzuia rangi isitoke. Kwa Gram chanya, alkoholi inakausha maji ya wavu mnene, vitundu vinabana, na mafungu ya rangi yanakwama ndani. Safranini inakuja mwisho kumvisha aliyebaki mtupu.

Maelezo haya nimeyasema kwa sekunde chache, lakini ilichukua karibu karne nzima kuyathibitisha kwa macho. Mwaka 1983 Terry Beveridge na wenzake nchini Kanada walibadilisha iodini wakatumia mchanganyiko wenye platini, ambao hadubini ya elektroni inaweza kuuona. Wakafuatilia hatua kwa hatua nini kinatokea kwa Bacillus subtilis na kwa Escherichia coli. Wakaona yule wa pili akivuliwa utando wa nje na kupoteza rangi, na yule wa kwanza akiizuia ndani. Kwa miaka 99 watu walikuwa wanatumia kipimo ambacho utendaji wake haukuwa umeonekana wazi.

Ndiyo maana nawaambia: mkono wako ndio kipimo. Alkoholi ikikaa sekunde chache zaidi ya inavyotakiwa, hata Gram chanya watapauka, nawe utaandika waridi. Ukipaka sampuli nene kwenye kioo, alkoholi haifiki chini, nawe utaandika zambarau. Bakteria waliozeeka kwenye sahani ya kuoteshea, hasa jamii za Bacillus na Clostridium, ukuta wao umechakaa, na huonekana wengine zambarau na wengine waridi ndani ya kioo kimoja. Mgonjwa aliyekwisha kumeza antibiotiki anakuletea bakteria ambao kuta zao zimeharibiwa. Acinetobacter, ambaye ni Gram hasi, ana tabia ya kung'ang'ania zambarau na kuwapotosha hata wazoefu. Je, utajuaje kama kosa ni la bakteria au la mkono? Weka kioo cha ulinganisho: Staphylococcus aureus upande mmoja, Escherichia coli upande wa pili, bakteria ambao tayari unawafahamu, uwapitishe kwenye rangi zilezile wakati uleule. Wakikataa kutoa rangi zao, usisome kioo cha mgonjwa. Nimekaa katika maabara ambapo hatua hii ilionekana kupoteza muda. Muda uliopotea kweli ulikuwa wa wagonjwa.

Sasa, wapo wasiotii mgawanyo huu kabisa.

Turudi Berlin, miaka miwili kabla ya Gram. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch anasimama mbele ya wanasayansi na kutangaza kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Njia yake ya kupaka rangi ilichukua saa 24, na bado bakteria walionekana kwa shida. Ukumbini alikuwepo Paul Ehrlich, yuleyule wa maji ya anilini. Aliondoka na jambo moja kichwani, na katika wiki chache akaja na njia bora zaidi. Aligundua kwamba bakteria huyu akishakubali rangi, hata ukimwosha kwa asidi kali haiachii. Inasimuliwa kwamba sehemu ya ugunduzi ilitokana na vioo alivyoviacha juu ya jiko lililozimika, kisha mtu akaliwasha bila kujua, na joto likafanya kazi ambayo rangi peke yake haikuiweza. Sijui kama ilikuwa hivyo hasa. Masimulizi ya maabara hunoga kila yanaposimuliwa upya. Lakini joto lenyewe ni kweli, na hadi leo mnalitumia. Franz Ziehl akaongeza asidi kaboliki, Friedrich Neelsen akaboresha tena, na ndiyo majina mawili mnayoyaandika kila mnapopima makohozi.

Kwa nini bakteria huyu ni mgumu hivyo? Ukuta, ndugu zangu. Ni ukuta tena. Peptidoglikani anayo, lakini juu yake ameweka tabaka nene la asidi mikoliki, minyororo mirefu sana ya mafuta. Rangi za maji hazipenyi. Ukimpaka kwa njia ya Gram, anaonekana hafifu, au unabaki na vijistari vitupu ambamo yeye yumo ila rangi haimo. Ukimpa fuksini, rangi nyekundu, yenye asidi kaboliki na joto, rangi inaingia, na ikishaingia asidi haiwezi kuitoa. Anabaki mwekundu juu ya mandhari ya buluu.

Ehrlich mwenyewe baadaye aliipaka rangi ile kwenye makohozi yake na kuwakuta humo bakteria wa kifua kikuu. Akaondoka kwenda Misri kupumzika hadi alipopata nafuu. Ninapowafundisha watu kupima makohozi huwa nawakumbusha kisa hiki, kwa sababu kuna siku kioo kitakuwa cha mtu unayemjua.

Na yupo asiye na ukuta kabisa: Mycoplasma pneumoniae. Monroe Eaton alimwelezea mwaka 1944, na kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa kirusi kwa sababu ya udogo wake. Mwaka 1962 ndipo alipooteshwa kwenye agari na ikathibitika kuwa ni bakteria. Hana wavu, kwa hiyo rangi ya Gram haina cha kumwambia, na penisilini haina cha kumvunjia. Kioo kitupu hakimaanishi kwamba hakuna bakteria. Vivyo hivyo kwa bakteria wa kaswende, ambaye ni mwembamba mno kuonekana kwa njia hii.

Sasa tuingie kwenye dawa, na hapa wauguzi naomba mnisogelee.

Alexander Fleming mnamjua kwa penisilini. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo, mwaka 1921, akiwa na mafua, alichukua kamasi zake mwenyewe akaziweka juu ya bakteria walioota kwenye sahani, nao wakayeyuka. Ndani ya kamasi mlikuwa na kimeng'enya alichokiita laisozaimu. Kimo pia kwenye machozi, kwenye mate na kwenye ute wa yai. Kinafanya nini? Kinakata zile nyuzi za sukari za peptidoglikani. Kwa maneno mengine, macho yetu yalikuwa yanabomoa kuta za bakteria kabla hatujajua kwamba kuta hizo zipo.

Kisha mwaka 1928 ukaja ule ukungu maarufu. Angalieni kichwa cha makala yake ya mwaka 1929: kinataja matumizi ya ukungu huo katika kumtenga bakteria aliyeitwa wakati ule basili wa influenza. Mbona kumtenga? Kwa sababu penisilini haikumuua! Iliwaua majirani zake wote wa Gram chanya kwenye sahani, yeye akabaki peke yake, safi, tayari kuchunguzwa. Basili huyo, leo Haemophilus influenzae, ni Gram hasi. Kwa hiyo moja ya kazi za kwanza za penisilini ilikuwa kuwafaa watu wa maabara kutokana na udhaifu wake mbele ya ukuta wa aina fulani. Nikiwa mtu wa maabara, jambo hili linanifurahisha kupita kiasi.

Penisilini inazuia ufungaji wa wavu. Ukuta unaendelea kujengwa bila vifungo, shinikizo la ndani linasukuma, na bakteria anapasuka. Sisi hatuna peptidoglikani mwilini, ndiyo maana dawa inaweza kumpiga yeye bila kubomoa seli zetu. Lakini kuufikia wavu wa Gram hasi, dawa lazima kwanza ivuke ule utando wa nje, na njia kuu ni milango midogo ya protini iitwayo porini. Antibiotiki iitwayo vankomaisini ni molekuli kubwa mno; haipiti. Penisilini ya kwanza ni ndogo kiasi cha kutosha, lakini hupita kwa shida, na ikifika ndani, katika nafasi iliyopo kati ya tando mbili, wengi wa bakteria hao wameweka vimeng'enya vya kuivunja. Ampisilini, iliyoingia sokoni mwaka 1961, ilibadilishwa kidogo tu kwa kuongezewa kikundi cha amino, na mabadiliko hayo yakaifanya ipite vizuri zaidi kwenye milango ileile.

Tahadhari, msije mkatoka hapa mkisema penisilini haiui Gram hasi yeyote. Bakteria wa kisonono ni Gram hasi, na kwa miaka mingi alitibiwa kwa penisilini hadi usugu ulipoenea. Ukuta unaeleza mengi, hauelezi yote.

Sasa rudini kwenye lile swali la unene. Nani mwenye ngome ngumu? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka. Daraja la juu kabisa, lile la hatari kuu, lilikuwa na Acinetobacter, Pseudomonas na jamii ya bakteria wa utumbo. Wote Gram hasi! Orodha ilipopitiwa upya mwaka 2024, aliyeingizwa katika daraja hilo ni bakteria wa kifua kikuu sugu kwa dawa ya rifampisini, yule mwenye tabaka la mafuta. Mnaona? Tatizo la watengeneza dawa si unene wa wavu. Tatizo lao ni mafuta yaliyo nje.

Na utando huo wa nje una shari nyingine, inayobaki hata bakteria akishakufa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, wagonjwa waliochomwa sindano za mishipani walipata homa kali isiyoelezeka, ingawa maji ya dawa yalikuwa yamechemshwa na hayakuwa na bakteria hai. Mkemia wa Marekani, Florence Seibert, alilishughulikia tatizo hili mwanzoni mwa miaka ya 1920. Akagundua kwamba maji yalipokuwa yanatoneshwa, matone madogo yaliruka pamoja na mvuke, yakabeba mabaki ya bakteria hadi kwenye chupa safi. Akaunda chombo kinachozuia matone hayo, na homa ikakoma. Baadaye ni yeye aliyesafisha tuberkulini inayotumika katika kipimo cha ngozi cha kifua kikuu.

Mabaki yale yalikuwa nini? Ni lipopolisakaridi, molekuli zinazofunika uso wa nje wa bakteria wa Gram hasi. Sehemu yake ya mafuta, lipidi A, ndiyo sumu. Kinga yetu ikiihisi ndani ya damu inawaka moto, na zikiwa nyingi shinikizo la damu huanguka na mgonjwa anaweza kufa. Kuchemsha hakuiondoi. Hata otoklevu ya kawaida, ile sufuria ya mvuke wenye shinikizo, haitoshi. Vyombo vya kioo huhitaji joto kavu, kwa mfano nyuzi 250 za Selsiasi kwa nusu saa. Kwa hiyo muuguzi anapoambiwa kwamba damu ya mgonjwa imeota vijiti vya Gram hasi, rangi ile ya waridi inamwambia pia amwangalie mgonjwa huyu kwa karibu, apime shinikizo la damu mara kwa mara, hata baada ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Namalizia na karatasi ya majibu, maana huko ndiko maneno yote haya yanakofika. Andika umbo: viduara au vijiti. Andika mpangilio: vishada, minyororo, jozi. Andika rangi. Andika wingi, na kama umeona seli nyeupe za damu, na kama bakteria wako ndani ya seli hizo au nje. Kwa usaha wa mwanaume mwenye dalili, jozi za Gram hasi ndani ya seli nyeupe zinatosha kumfanya daktari aanze tiba ya kisonono, bila wewe kuandika jina lolote. Ukiona mchanganyiko wa rangi usioueleza, andika hivyo hivyo, kisha urudie kwa kioo kipya chembamba. Na maji ya uti wa mgongo hayasubiri karatasi. Ukiona kitu humo, cha rangi yoyote, nyanyua simu umwambie daktari umbo na rangi, umwombe akusomee alichoandika, kisha ndipo urudi kwenye kioo chako.

Asanteni kwa kunisikiliza. Tuna dakika kumi za maswali, na yule aliyesema Staphylococcus aanze yeye.